Uliyemwona, ni yeye kweli?

ILIKUWA Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni, na kituo cha matatu kilikuwa kimefurika watu kama ilivyo kawaida siku za mshahara. Ghafla mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akapiga nduru. Mkoba wake ulikuwa umenyakuliwa. Kijana aliyeunyakua nilimwona. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa shati la samawati, uso wa mviringo. Alipita karibu nami hata bega lake likanigusa, akatokomea nyuma ya magari.

Dakika mbili tatu baadaye tukampata. Ama tuseme mimi ndiye niliyempata. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta, shati la samawati, mwembamba, akitazama huku na huku. "Ndiye huyu!" nikapaza sauti, na kidole changu kikamwelekea. Sikuwa na shaka hata chembe. Watu wakamvamia. Kofi la kwanza, la pili, kisha mateke. Kijana akawa analia, "Si mimi, wazee, haki ya Mungu si mimi!" Na kila alivyozidi kukana ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ni yeye, kwani ni mwizi gani hukubali?

Aliyemwokoa ni fundi wa viatu, mzee mfupi mwenye sauti ya ukali. "Nyinyi watu mna wazimu?" akauliza. "Huyu kijana amekaa hapa nusu saa nzima. Kiatu chake hiki hapa mkononi mwangu."

Tukatazama. Kijana alikuwa na kiatu kimoja tu. Mguu wa pili ulikuwa na soksi yenye tundu kwenye kidole gumba.

Umati ukatawanyika mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana safari. Nilimnunulia kijana yule soda akakataa kuinywa, maana mdomo ulikuwa umepasuka. Lau fundi angekuwa amefunga kazi mapema siku hiyo, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Je, nilisema uongo? La, sikusema uongo. Niliyoyasema niliyaamini kabisa. Nimetafuta maandishi ya wataalamu wa saikolojia na wa ubongo juu ya jambo hili, na niliyoyakuta yamenitoa usingizini. Kumbe makosa kama langu yamefanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka mia moja, na yamewapeleka watu jela maisha.

Ukucha wa kidole gumba

Tuanzie kwenye jicho lenyewe. Msomaji, nyosha mkono wako mbele ya uso, inua kidole gumba, uutazame ukucha. Kieneo hicho kidogo, kadiri ya upana wa ukucha huo au zaidi kidogo, ndicho pekee ambacho jicho linakiona sawasawa. Vyote vilivyo pembeni ni ukungu. Huamini? Kazia macho neno moja la gazeti hili, kisha bila kuyasogeza jaribu kusoma neno la tano upande wa kulia. Utashindwa.

Mbona basi hatuioni dunia kama ukungu? Ni kwa sababu macho hurukaruka, kiasi cha mara tatu kila sekunde, yakiokota kipande hapa na kipande pale, nao ubongo huviunganisha. Mahali palipobaki tundu hujaza kwa kukisia, kulingana na yale uliyozoea kuyaona. Kazi hiyo huifanya upesi na kwa ustadi hata mwenyewe hujui kwamba umekisiwa.

Na hata kilicho mbele ya macho kabisa chaweza kukupita ikiwa akili iko kwingine. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, waliwaonyesha watu filamu fupi ya vijana wakirushiana mpira, wakawaambia wahesabu ni mara ngapi wale wenye fulana nyeupe wamepasiana. Katikati ya mchezo huo akaingia mtu aliyevaa mavazi ya sokwe, akasimama, akajipigapiga kifua, akaenda zake. Kiasi cha nusu ya watazamaji hawakumwona. Si kwamba walimwona wakasahau. Hawakumwona kamwe!

Kuna jaribio jingine ambalo nalipenda zaidi kwa sababu lilifanyiwa nje, kwa wapita njia. Simons na mwenzake Daniel Levin walilichapisha mwaka 1998. Katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtu mwenye ramani alimsimamisha mpita njia na kumwomba amwelekeze. Wakiwa katika mazungumzo, watu wawili waliobeba mlango wa mbao walipita katikati yao. Nyuma ya mlango huo yule muuliza njia alibadilishwa, akabaki mtu mwingine kabisa, wa kimo kingine na sauti nyingine. Kati ya wapita njia 15, ni 7 tu waliotambua. Wale 8 waliendelea kumwelekeza mgeni njia kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa ongeza hofu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake waliwaonyesha watu picha za mteja katika mkahawa. Kwa kundi moja mteja alikuwa ameshika hundi, kwa kundi jingine bastola. Walipofuatilia mwendo wa macho waligundua kwamba macho yalinata kwenye bastola, na waliotazama bastola walishindwa zaidi kumtambua aliyeishika. Mkazi yeyote wa jiji aliyewahi kuelekezewa kisu tumboni ataelewa. Kisu anakikumbuka hadi kutu yake. Uso wa mwenye kisu ni habari nyingine.

Msichana aliyeazimia kukumbuka

Lakini vipi kuhusu mtu ambaye hakupotewa na akili, ambaye alimtazama mhalifu kwa makusudi ili aje amtambue?

Mwezi Julai mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo aitwaye Jennifer Thompson, umri miaka 22, aliamka usiku na kukuta mwanamume chumbani mwake. Alimwekea kisu shingoni akambaka. Katika mateso hayo Jennifer aliweka nia moja: kuusoma uso wa mtu yule, nywele, macho, pua, ili akiokoka amfunge. Alifaulu kutoroka. Usiku huohuo, si mbali na hapo, mwanamke wa pili akashambuliwa.

Polisi walimwonyesha picha sita. Alizitazama kwa muda wa kama dakika tano, akachagua moja, ya kijana aitwaye Ronald Cotton. Siku chache baadaye wakapanga watu saba kwenye gwaride. Jennifer alisitasita kati ya wawili, kisha akamchagua Cotton. Baada ya hapo akaambiwa kwamba huyo ndiye yuleyule aliyemchagua katika picha. Jambo ambalo hakulitilia maanani, wala polisi hawakulitilia, ni kwamba kati ya watu wote wale Cotton ndiye peke yake aliyekuwamo katika picha na katika gwaride pia. Je, alikuwa anamkumbuka mbakaji, ama alikuwa anaikumbuka picha?

Cotton mwenyewe hakujisaidia. Alipoulizwa alikuwa wapi usiku ule, alijibu kwa uhakika, kumbe amechanganya wiki mbili tofauti, na maelezo yake yakaonekana kuwa ya uongo. Naye pia alikosewa na kumbukumbu yake.

Mwezi Januari 1985 alihukumiwa kifungo cha maisha na miaka 50 juu yake. Mahakamani Jennifer hakuwa tena yule wa kusitasita. Alikuwa na hakika kama ya jua.

Huko gerezani Cotton alikutana na mfungwa mwingine, Bobby Poole, waliyefanana naye kiasi kwamba watu waliwachanganya. Fununu zikasema Poole ndiye aliyetenda. Mwaka 1987 kesi ilirudiwa, na Poole akaletwa mbele ya Jennifer. Aliulizwa iwapo anamjua. Akajibu kwamba hajawahi kumwona maishani mwake. Cotton akahukumiwa upya, safari hii kwa makosa ya usiku ule yote mawili, maisha na miaka 54.

Mwaka 1995 uchunguzi wa DNA ulifanywa kwenye ushahidi uliohifadhiwa. Ulimwondoa Cotton na kumnasa Poole, ambaye hatimaye alikiri. Tarehe 30 Juni mwaka huo Ronald Cotton alitoka nje, baada ya miaka kumi na nusu.

Nieleweke vizuri hapa, maana najua kuna watakaoigeuza hadithi hii kuwa fimbo ya kuwapigia wanawake wanaoripoti unyama kama huo. Jennifer alibakwa kweli, na kila alichosema kuhusu kitendo kilikuwa kweli. Alilokosea ni moja tu, nalo ni nani.

Jalada linaloandikwa upya

Ilikuwaje basi uso wa Cotton ukachukua nafasi ya uso wa Poole? Wengi wetu hufikiri kumbukumbu ni kama picha katika albamu, kwamba ukiifungua baada ya miaka utaikuta ileile, labda imefifia tu. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alikwisha kuipinga fikira hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1932. Aliwapa watu hadithi ngeni wasome, akawaomba waisimulie tena na tena. Kila waliporudia waliipunguza hapa, wakaiongezea pale, wakaigeuza ifanane na mambo ya kwao. Kukumbuka, alisema Bartlett, ni kujenga upya.

Aliyelithibitisha jambo hili kwa namna ya kuwatia mawakili hofu ni huyo Loftus tuliyemtaja. Mwaka 1974, pamoja na John Palmer, aliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za magari yakigongana, akawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Ujanja ulikuwa katika neno moja la swali. Wengine waliulizwa kasi "yalipogusana", wengine "yalipopondana". Wa kugusana walikadiria wastani wa kama kilomita 51 kwa saa. Wa kupondana wakasema kama 66. Filamu ni zilezile!

Katika jaribio la pili waliwatumia wanafunzi 150, wakawaita tena baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Lakini kati ya 50 waliokuwa wameulizwa kwa neno la kupondana, 16 walisema waliviona. Kwa wale 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, waliosema hivyo walikuwa 7.

Mzazi, lipime hilo siku utakapomuuliza mtoto "Huyo mwalimu alikupiga na nini?" badala ya "Ilikuwaje leo shuleni?"

Loftus hakuishia hapo. Mwaka 1995, yeye na Jacquie Pickrell walichapisha utafiti ambao watu 24 walipewa visa vya utotoni mwao vilivyotolewa na jamaa zao. Katikati ya visa vya kweli walichomeka kimoja cha kubuni, kwamba mtu huyo aliwahi kupotea dukani akiwa mdogo, akalia, akaokolewa na mzee fulani. Kiasi cha robo yao walidai kulikumbuka tukio hilo, lote au sehemu. Katika familia yangu tunayo hadithi ya namna hiyo, ya mimi kuanguka katika pipa la maji. Naikumbuka baridi ya maji yale. Juzi dada yangu mkubwa ameniambia kwamba aliyeanguka ni yeye.

Wanaochunguza ubongo nao wamefika mahali panapokaribia hapo. Mwaka 2000, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa Chuo Kikuu cha New York waliwafunza panya kuogopa mlio fulani. Baadaye waliwakumbusha mlio huo, na papo hapo wakawadunga dawa inayozuia ubongo kutengeneza protini, katika sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo inahusika sana na hofu. Panya wakapoteza woga ule. Waliodungwa dawa bila kukumbushwa kwanza waliendelea kuogopa. Maana yake ni kwamba kumbukumbu inapotolewa ghalani hulainika kwa muda, na lazima ihifadhiwe upya. Katika muda huo inaweza kuharibika. Panya si binadamu, na wataalamu wanaendelea kubishana jinsi jambo hili lilivyo kwetu, lakini picha ya albamu imeshaanguka.

"Nakumbuka kama jana"

Hapa wasomaji wengi watanipinga. Watasema, mambo madogo ndiyo husahaulika, lakini makubwa hayafutiki. Kila mtu wa Nairobi aliye na umri wa kutosha anayo hadithi yake ya asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Alikuwa wapi, na nani, ameshika nini.

Marekani kulikuwa na siku kama hiyo, Januari 28, 1986, chombo cha angani Challenger kilipolipuka na kuwaua wote saba waliokuwamo. Kesho yake asubuhi Ulric Neisser, profesa katika Chuo Kikuu cha Emory, aliwapa wanafunzi karatasi waandike walivyoipata habari hiyo. Baada ya kama miaka miwili na nusu, yeye na Nicole Harsch waliwatafuta 44 kati yao na kuwauliza tena. Robo walikosea kila jambo kuu, kuanzia mahali hadi aliyewaambia. Wengi walikuwa na hakika kubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao za awali, wapo waliosema mwandiko ni wao lakini walichokiandika si kweli.

Hakika, basi, haiwezi kuchukuliwa peke yake kuwa ushahidi. Inaweza kulishwa ikanenepa. Mwaka 1998, Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha kwamba shahidi aliyekosea, akiambiwa tu neno la kumpongeza kwamba amemchagua mshukiwa barabara, hudai baadaye kwamba tangu mwanzo alikuwa na hakika, kwamba aliuona uso vizuri, hata kwamba alikuwa makini zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Jennifer. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, ambaye kila kofi la umati lilikuwa kama kuambiwa, "Hujakosea, ndugu."

Hata hivyo tusikimbilie kusema mashahidi wote ni bure. Mwaka 2017, huyohuyo Wells akishirikiana na John Wixted alieleza kwamba utambuzi ukifanywa kwa utaratibu safi, hakika ya shahidi katika mara ya kwanza kabisa huwa na thamani kubwa. Tatizo ni hakika inayokuja baadaye, mahakamani, baada ya miezi ya kusimuliwa na kupongezwa. Zile dakika tano za Jennifer mbele ya picha zilikuwa zikisema kitu.

Kanuni za wazee wa mahakama

Lililonistaajabisha zaidi ni kwamba katika Afrika Mashariki majaji walilinusa jambo hili mapema. Katika kesi ya Mwango mwana wa Manaa, mwaka 1936, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka wazi kanuni za gwaride la utambulisho ambazo mahakama zetu zingali zinazitaja. Mshukiwa achanganywe na watu wasiopungua wanane, wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na sura. Achague mwenyewe pa kusimama, na akitaka ahame kila shahidi anapotoka. Shahidi asimwone kabla ya gwaride. Ofisa anayeishughulikia kesi asiwe ndiye anayeliendesha. Na shahidi asiambiwe "Tuchagulie mtu", bali aulizwe kama yumo anayemtambua.

Mwaka 1953, katika kesi ya Abdallah bin Wendo, mahakama hiyohiyo ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshtakiwa katika mazingira magumu upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa. Huko North Carolina iliwabidi wangoje hadi mwaka 2007 kupitisha sheria inayotaka gwaride liendeshwe na ofisa asiyemjua mshukiwa ni yupi.

Kanuni kuandikwa ni jambo moja na kufuatwa ni jingine. Nazo hazifiki kabisa pale ukutani penye fundi wa viatu, ambako gwaride huwa la mtu mmoja na hukumu hutolewa papo hapo. Wala hazifiki kwenye simu zetu. Siku hizi picha ya "mwizi" huzunguka mtaa mzima kwa dakika chache, na shahidi aliyeitazama mara ishirini atakapofika kituo cha polisi hatajua tena kama anamkumbuka mtu ama picha, kama ilivyomkuta Jennifer.

Yeye na Cotton walikutana mwaka 1997. Alimwomba msamaha, akasamehewa, na mwaka 2009 wakatoa kitabu pamoja, Picking Cotton. Lakini ameeleza jambo moja lililonigusa kuliko majaribio yote ya maprofesa. Hata baada ya DNA kuthibitisha, hata baada ya Poole kukiri, kwa muda mrefu kila alipoukumbuka usiku ule, uso aliouona ni wa Cotton.

Kijana wa kiatu kimoja sijamwona tena, au labda nimepishana naye mara kumi nisimtambue. Lakini nikifumba macho na kuirudia ile jioni, mkono unaunyakua mkoba, bega linanigusa, mwizi anageuka kidogo kunitazama, na uso ninaouona ni wa kijana yule. Najua si yeye. Kiatu chake nilikiona kwa fundi. Hata hivyo uso ni uleule.